Funguo za Chumba cha Chini Ziko kwa Nani?

Hotuba kwa wafanyakazi wa maktaba za vyuo vikuu, Dar es Salaam, wiki chache kabla ya masika. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliobaki kaunta siku hiyo.

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa maktaba, wakutubi, wenzetu wa kaunta, wa ukarabati wa vitabu, wa kompyuta, wa usafi na wa ulinzi: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nina swali, na nawaomba msinijibu kwa sauti. Kila mtu ajijibu moyoni. Ni usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane. Mvua imepiga tangu magharibi. Mlinzi anasikia maji yakichuruzika ndani ya maktaba. Anampigia nani? Huyo anayepigiwa anakaa wapi: Mbezi, Gongo la Mboto, Kigamboni? Funguo za chumba cha chini ziko kwa nani? Swichi kuu ya umeme wa ghorofa ile iko ukuta gani?

Kama jibu lako limeanza na "nadhani", basi hotuba hii ni yako. "Nadhani" haifungui mlango.

Tumezoea kuzungumzia maktaba kwa majengo yake. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ilipozinduliwa Novemba 2018, kila mtu alitaja nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na kweli ni jengo la kujivunia. Lakini mahali popote duniani, bomba likipasuka haliulizi jengo lilizinduliwa lini wala na nani. Linalookoa vitabu ni mtu wa kwanza kufika, na kama mikono yake inajua la kufanya. Na mtu wa kwanza kufika, ndugu zangu, mara nyingi si mkutubi mwenye shahada ya pili. Ni mlinzi. Ni mama wa usafi anayefungua saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana leo hawa wamekaa mbele, na wakuu wamekaa nyuma. Haikuwa bahati mbaya.

Twende Cape Town. Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021, moto uliokuwa ukiteketeza vichaka kwenye miteremko ya mlima ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukashika ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger. Machapisho yapatayo 70,000 ya mkusanyo wa Taaluma za Afrika yakaungua, pamoja na filamu za Kiafrika zipatazo 3,500 zilizokuwa katika DVD. Dunia nzima iliona picha za paa likiwaka, na wengi wetu tukaishia hapo hapo kwenye picha.

Sisi wa kazi hii tuangalie kilichofuata. Milango ya kuzuia moto ilishuka kama ilivyotakiwa, ikautenga ukumbi na sehemu nyingine za jengo. Nyaraka nyingi zilizohifadhiwa vyumba vya chini hazikuguswa na moto hata kidogo. Zilifikiwa na nini? Na maji ya zimamoto. Maji yalishuka ghorofa baada ya ghorofa, na kwa wiki kadhaa wafanyakazi na watu waliojitolea walipanga mistari wakipitisha kreti mkono kwa mkono kutoka chini ya ardhi.

Mmenielewa ninakokwenda? Moto wa maktaba huishia kuwa mafuriko. Bomba ni maji, paa bovu ni maji, kiyoyozi kilichoziba ni maji, na hata moto mwisho wake ni maji. Kwa hiyo tukijifunza kitu kimoja tu mwaka huu, tujifunze kitabu kilicholowa.

Kitabu kilicholowa hakifi siku ile ile. Kinakufa baada ya siku mbili, kwa kuvu. Kuvu inataka vitu viwili tu, unyevu na hewa iliyotulia, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, inapata mwanzo mzuri. Dar es Salaam mwezi wa Aprili, hewa ya nje inapita hapo bila kujitahidi. Miongozo mingi iliyoandikwa nchi za baridi inasema una saa 48 hadi 72. Kwetu hesabu saa 48, na usipange kuzitumia zote.

Ila kuna kitabu kisichokupa hata hizo. Kile cha karatasi zinazong'aa: vitabu vya sanaa, atlasi za udaktari, majarida yenye picha za rangi. Karatasi hiyo imepakwa udongo laini ili ing'ae, na ikilowa udongo huo unageuka gundi. Baada ya saa sita hivi kurasa zinaanza kushikana. Zikikaukia pamoja, hapo una tofali. Hakuna fundi wa kulifungua tofali hilo. Kwa hiyo ukiingia chumba kilichofurika, macho yako yatafute kwanza vinavyong'aa, hata kama havipendezi kama vile vyenye majalada ya ngozi.

Sasa mikono. Nisikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi mtakaofika kwanza.

Kabla ya kitabu, umeme. Hakuna anayekanyaga maji mpaka swichi kuu ya eneo lile imezimwa na mtu anayejua anachozima. Kama swichi yenyewe iko ndani ya maji, hatuingii, tunaita Zimamoto, 114, na tunasubiri nje. Kitabu kinaweza kununuliwa tena, na hata kile kisichonunulika hakina watoto wanaokisubiri nyumbani.

Umeme ukishazimwa, funika kabla ya kubeba. Kama maji yanadondoka juu ya rafu kavu, nailoni kwanza. Watu wawili na roli moja la nailoni kwa dakika kumi wanaokoa vitabu vingi kuliko watu ishirini kesho yake.

Halafu okota vilivyoanguka sakafuni, ili njia ipatikane. Baada ya hapo anza rafu za juu, shuka chini. Kwa nini juu? Kwa sababu kitabu cha kisasa kinaweza kunywa maji hadi asilimia 60 ya uzito wake. Rafu ya mita moja iliyokuwa na kilo 30 inaelekea 50. Ukiondoa vya chini ukaacha mzigo huo juu, kabati zima linakuangukia. Tena vitabu vikilowa vinavimba. Vikiwa vimebanana vinasukuma nguzo za rafu mpaka zinapinda, na vingine vinaruka vyenyewe sakafuni. Ndiyo sababu kila siku tunawaambia vijana wa kupanga rafu waache nafasi ya vidole vitatu mwisho wa kila rafu. Hatuwaambii kwa ajili ya urembo.

Kitabu kilichojikunja, kiache kimejikunja. Kilichofunguka, usikifunge. Kilichofungwa, usikifungue kuangalia ndani kama kimepona. Usikikamue kama dekio. Usifute tope kwenye jalada kwa kitambaa, maana unalisugua liingie ndani ya nyuzi. Usianze kubandua kurasa zilizoshikana. Kazi yako ni kukihamisha kama ulivyokikuta, basi.

Kiweke kwenye kreti la plastiki lenye matundu, kama yale ya mkate au ya soda. Boksi la karatasi likilowa linatoa kitako ukiwa katikati ya ngazi. Mgongo wa kitabu uwe chini, kurasa ziangalie juu, safu moja tu, na usijaze mpaka vibanane. Kati ya kitabu na kitabu weka kipande cha karatasi yenye nta, rangi za majalada zisihamiane. Kila kreti lipate lebo: chumba, rafu, namba ya kreti. Lebo iandikwe kwa penseli. Kalamu ya wino huvuja ikilowa, na kesho mnakuwa na kreti mia mbili zisizojulikana zimetoka wapi.

Na sasa kosa letu kubwa, ambalo karibu kila mmoja wetu angelifanya kwa nia njema: kuanika juani. Mwafrika akiona kitu kimelowa anatafuta jua. Lakini kitabu si dagaa. Jua linakausha jalada kabla ya kurasa, jalada linapinda kama mbao mbichi, karatasi zinakuwa mawimbi na wino unapauka. Kitabu kinakaushwa kivulini, kwenye upepo.

Kama vilivyolowa havizidi mia moja, vikausheni wenyewe. Tafuteni chumba chenye pangaboi na madirisha, au feni za kusimama zinazopuliza ukutani, zisipulize kitabu moja kwa moja. Kitabu kilichorojeka kilazwe kwanza, maji yajitoe, kisha kisimamishwe wima, kurasa zimepanuka kidogo kama feni ya mkono. Pachika karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi hivi. Karatasi ziwe nyeupe, zile za kiwanda cha magazeti kabla hazijachapwa, siyo gazeti la jana, wino wake utahamia. Jumla ya karatasi ulizopachika isizidi theluthi ya unene wa kitabu, la sivyo mgongo unapasuka. Mwanzoni zibadilishe kila saa moja au mbili. Siku ya pili unaweza kupumua.

Utajuaje kimekauka? Kigusishe shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado. Maji yangali yanatoka. Kikishakuwa na joto la chumba, kilaze na kikandamize kwa uzito mwepesi siku mbili tatu kinyooke. Kazi nzima, kwa kitabu kimoja kinene, inakula wiki na zaidi. Fikirieni basi vitabu elfu tano. Mna meza hizo? Mna mikono hiyo?

Hapo tunaenda Colorado, Marekani. Usiku wa tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins ulipata mvua ambayo haikuwa imeonekana, na mafuriko yakaingia chumba cha chini cha Maktaba ya Morgan ya Chuo Kikuu cha Colorado State. Karibu vitabu na majarida yaliyojalidiwa nusu milioni yalilowa. Nusu milioni, ndugu zangu. Hakuna chuo chenye meza za kuanika nusu milioni. Walifanya nini? Waligandisha. Vitabu vilipakiwa kwenye malori ya baridi, vikagandishwa, kisha vikapelekwa Texas kukaushwa katika mashine ambamo barafu inageuka mvuke bila kupitia maji.

Kugandisha hakutibu kitabu, kunasimamisha saa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kuvu haikui wala haifi, iko pale pale. Kitabu kikigandishwa leo, mnaweza kukitoa baada ya mwezi, kumi kumi, na kukikausha kivulini kwa njia niliyoeleza. Mashine zile za Texas hatuna, lakini friza tunazo. Si zetu. Ni za watu wa samaki pale Ferry, ni za wenye maghala ya kuku na ya aiskrimu. Nani kati yetu ameshakwenda kuzungumza na mwenye chumba baridi? Siyo siku ya mafuriko. Leo. Mwambie: tunaomba, ikitokea, utuachie nafasi ya kreti arobaini kwa wiki nne, vitabu vitakuja vimefungwa mifuko miwili miwili visiguse chakula, bei yake ni hii, tuandikiane. Barua ya ukurasa mmoja. Wanasheria wa chuo wataiongezea kurasa tisa, lakini anzeni na mmoja.

Kisa cha Colorado kina mkia mzuri. Majarida yalikuwa yameondoka na wanafunzi waliendelea kuyahitaji. Wafanyakazi wa kitengo cha kuazimana na maktaba nyingine walijikuta wanaomba makala kwa wingi ambao taratibu za kawaida zisingeuweza, wakatengeneza mfumo wao wa kuomba na kutumiana makala kwa haraka. Mfumo huo wakauita RapidILL, na baadaye ukatumiwa na maktaba nyingi nje ya chuo chao. Mwaka 2019 ukanunuliwa na kampuni. Kumbukeni waliouanzisha: watu wa kaunta, wenye hasara mbele yao na foleni ya wanafunzi mlangoni.

Niseme kidogo juu ya adui ambaye hapigi kelele. Kiyoyozi.

Mnashangaa? Tunakipenda kiyoyozi, tunakiweka nyuzi 18 mchana kutwa, saa kumi na mbili jioni tunazima, tunafunga, tunakwenda zetu. Au TANESCO wanatuzimia. Kitabu kimeshika ubaridi wa nyuzi 20. Usiku hewa ya nje inaingia kwa mianya. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kuacha maji kwenye kila kitu chenye nyuzi 25 kushuka chini. Mmeona chupa ya soda ikitolewa friza ikawekwa mezani? Ndivyo vitabu vyetu vinavyotoka jasho, gizani, hakuna anayeviona. Asubuhi mama wa usafi anafungua, anasema chumba kinanuka ubichi. Tunamwambia apulizie manukato. Mama alikuwa anatupa taarifa, sisi tukamtuma dukani.

Kwa makusanyo maalumu, afadhali nyuzi 25 au 26 mchana na usiku bila kuyumba kuliko 18 ya mchana na joto la usiku. Vitabu vinaumizwa na kupanda na kushuka. Pale penye mashine ya kufyonza unyevu, ndoo yake ikijaa mashine inajizima, kwa hiyo unganisheni mpira uende moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu. La sivyo, mnachofanya wikendi nzima ni kulinda ndoo iliyojaa. Kipima unyevu kisikae juu ya meza ya mkuu wa kitengo, pale ambapo ni pakavu siku zote. Kiwekwe rafu ya chini kabisa, karibu na ukuta wa nje. Kisomwe saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, kiandikwe daftarini. Kikisoma zaidi ya 65 siku tatu mfululizo, mtu apigiwe simu.

Na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi chenyewe: linaziba kwa vumbi na utelezi, maji yanarudi kwenye sinia, yanamwagika kwenye rafu iliyo chini yake. Kulijaribu ni dakika tano. Mimina lita moja ya maji safi kwenye sinia, mwenzako asimame nje aone kama yanatoka. Yasipotoka, umepata kazi ya fundi kabla ya mvua. Na kama kuna rafu chini ya kiyoyozi, ihamishwe, hakuna cha kujadili. Watu wa milki, mnaotunza majengo, nanyi mko hapa: mifereji ya paa isafishwe kabla ya masika na tena katikati ya masika. Majani ya mwarobaini hayasubiri bajeti.

Sasa kuna kitu chetu ambacho maji yake ni ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1970 ilichapwa orodha iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda, iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tenzi, barua, elimu ya dini, kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono. Miswada ya namna hiyo iko pia Zanzibar, iko kwenye masanduku ya watu Lamu na Pemba. Kwa kitabu cha kuchapwa maji ni adui wa karatasi. Kwa muswada wa mkono maji ni adui wa maneno yenyewe. Wino mwingi wa zamani uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya mti unaachia ukilowa. Kwa hiyo hapa mkono unabadilika: usibandike karatasi ya kunyonya juu ya maandishi, usipapase, usiguse kabisa. Inua kwa kipande cha plastiki kigumu kilichoingizwa chini, kama unavyoinua mkate wa kusukuma, laza bapa, peleka friza. Hivyo ndivyo vinavyotoka kwanza kwenye jengo, kabla hata ya vinavyong'aa. Tena viwe na alama mlangoni au kwenye kabati ambayo mtu wa Zimamoto asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu ataiona kwa tochi. Ramani ya vitu vya kuokolewa kwanza ikae kwenye bahasha iliyofungwa, nakala moja kwa mlinzi wa lango, moja nje ya jengo. Ikikaa kwenye droo ya mkutubi mkuu, itaungua na droo.

Wa kompyuta mmekaa kimya mkidhani leo hamhusiki. Tarehe 28 Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, London. Walichukua data ipatayo gigabaiti 600, wakataka fedha, maktaba haikulipa. Katalogi haikurudi mtandaoni mpaka Januari 15, 2024, tena ya kusoma tu. Katikati ya wakati huo wafanyakazi walirudi kwenye karatasi. Machi 2024 maktaba ile ilifanya jambo la kiungwana: ilichapisha ripoti ya kilichotokea ili wengine wajifunze. Na ndani yake kuna jambo ambalo lingetakiwa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha seva. Nakala za akiba za makusanyo ya kidijitali walikuwa nazo. Walichokosa ni mitambo salama ya kuzirejeshea, maana iliyokuwepo ilikuwa imeharibiwa au imezeeka.

Wengi hapa tunatumia Koha, programu ya kuendeshea katalogi na uazimishaji. Nakala za usiku zinatengenezwa zenyewe, nazo zinakaa wapi? Kwenye seva ile ile? Basi mwizi akija anabeba nyama na sahani. Nakala moja iwe kwenye diski inayochomolewa, moja iwe kampasi nyingine. Na kila muhula, siku moja, chukueni kompyuta tupu mrejeshe nakala hiyo mpaka mtafute kitabu na kukipata. Mara ya mwisho mlifanya lini? "Nadhani mwaka juzi." Haya.

Kaunta, ninyi muwe na daftari lenye safu nne: tarehe, namba ya usajili ya mwanafunzi, namba ya msimbopau ya kitabu, saini. Mfumo ukianguka mnaazimisha kwa daftari, ukirudi mnaingiza. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho hajali kwamba seva inaumwa.

Nimesema umeme kabla ya kitabu, na hili nalirudia kwa kisa cha mwisho. Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba 2004, kijito kilichoko jirani na Chuo Kikuu cha Hawaii, Manoa, kilifurika na maji yakaingia chumba cha chini cha Maktaba ya Hamilton. Ramani, picha za anga na nyaraka za serikali zikaharibika vibaya. Humo chini walikuwemo watu darasani, tena wanafunzi wa ukutubi. Walilazimika kuvunja dirisha ili watoke. Hebu kila mmoja akumbuke chumba cha chini cha maktaba yake. Kina milango mingapi? Mmoja unafungwa kwa kufuli kutoka nje ili vitabu visiibiwe, sivyo? Na mtu aliye ndani je?

Basi, msimu huu tunafanya hivi. Kila jengo litaje watu watatu wa kupigiwa simu usiku, na wasikae upande mmoja wa jiji. Jangwani pakifungwa kwa maji, aliye Kariakoo hafiki Mlimani, na aliye Kimara hafiki Upanga. Mmoja huku, mmoja kule, wa tatu awe karibu ya kufika kwa miguu. Kila mmoja wa hao watatu awe na funguo, au ajue kwa jina mlinzi aliye nazo. Namba zao zibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi kwa maandishi makubwa, ndani ya nailoni.

Kila ghorofa ipate pipa moja la vifaa: roli la nailoni pana, mkasi uliofungwa kamba kwenye pipa kwa sababu mikasi ina miguu, jozi kumi za glavu, barakoa ishirini, tochi mbili na betri zake pembeni zisivujie ndani, ndoo nne, madekio mawili, kamba ya kuanikia mita thelathini, rimu mbili za karatasi zisizochapwa, penseli kumi, lebo. Pipa lisifungwe kwa kufuli. Lifungwe kwa utepe wa plastiki wa kukatika, ukiuona umekatwa ujue kuna aliyeingia. Mapipa ya aina hii huwa hayaharibiwi na mafuriko, huharibiwa na sendofu: nailoni imekwenda kufunika keki, ndoo zimekwenda jikoni. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mtu mmoja aliyetajwa kwa jina akague, atie saini.

Wa uhifadhi mna taarifa yenu ya mchwa na vitabu vya msaada vinavyoingia bila kukaguliwa, hiyo ni siku nyingine. Kwa leo itoshe kusema kwamba boksi la msaada halipandi ghorofani kabla ya kufunguliwa chini.

Sasa inukeni. Nje chini ya mwembe kuna mabeseni sita. Ndani yake kuna vitabu vilivyofutwa kwenye katalogi, vimelowekwa tangu saa mbili asubuhi, baadhi vya kung'aa na baadhi vya kawaida. Kreti ziko pembeni, karatasi ziko mezani. Mtagawanyika sita, na kila kundi litaongozwa na mlinzi au mama wa usafi. Wakuu wa maktaba mtabeba. Mlango wa ukumbi ule wa kutokea nje umefungwa, na aliye na funguo hajui kwamba tunatoka. Haya, nani anampigia?